Kufurahi tumeruhusiwa, kukataa je? Uzi kwa wanawake Waislamu wa Uganda

Bint Bombo (mwanzisha uzi)

Asalaam alaykum dada zangu, na kaka mtakaopita humu kwa adabu.

Kuna ubishi unazunguka kwenye makundi yetu ya WhatsApp, wa Kampala wanauleta, wa Mbale wanaujibu, wa Arua wanauwasha upya. Upande mmoja wanasema mwanamke Mwislamu anayezungumzia raha ya kitandani ameiga Wazungu. Upande wa pili wanasema anayetetea stara ametiwa ujinga na wanaume. Nimesoma yote, na naona tunagombea mahali pasipo na ugomvi huku palipo na ugomvi wa kweli tumepaacha. Raha ndani ya ndoa haina mpinzani katika vitabu vyetu. Linalobishaniwa kweli, na linaloumiza watu majumbani, ni kama mke anaweza kusema "leo hapana" na neno lake likasimama. Nitaandika kwa urefu, mnivumilie.

Tuanze na hizo nadharia zinazotajwatajwa. Marekani, mwisho wa miaka ya 1970 na mwanzo wa 1980, wanafeministi waligawanyika vibaya. Andrea Dworkin na Catharine MacKinnon walisema picha za ngono na biashara ya ngono ni sehemu ya mfumo unaomfanya mwanamke chombo, na kwamba "ndiyo" ya mtu asiye na nguvu isipokewe harakaharaka kama ridhaa. Wengine, akiwemo Ellen Willis, wakaogopa kwamba njia hiyo itawarudisha wanawake kwenye haya na woga uleule wa zamani. Aprili 1982 kukawa na kongamano katika Chuo cha Barnard, New York, na wapinzani wakasimama nje na fulana zao za kulilaani. Miaka miwili baadaye Gayle Rubin akaandika kwamba jamii imelipanga tendo la ngono kwa ngazi, wanandoa katikati ya duara la heshima na wengine wote nje. Yeye alitaka lipimwe kwa jinsi wahusika wanavyotendeana, na kama kuna shuruti. Huo ndio mzizi wa ule mtazamo unaoitwa chanya kuhusu ngono.

Katika ubishi ule wote hakuna aliyekuwa akimfikiria mke wa pili wa Kawempe, Kampala. Lakini maswali yao mawili yanatuhusu. La Rubin: kuna shuruti? La MacKinnon: huyu anayesema ndiyo, angeweza kusema hapana na bado akala kesho? Nayashika yote mawili, na simwachi Mungu nikiyashika.

Sasa upande wetu. Katika Bukhari, mkusanyo wa hadithi za Mtume, kuna habari ya mke wa Rifaa al-Quradhi. Aliachwa, akaolewa na mume mwingine, kisha akaja kwa Mtume, rehema na amani zimshukie, akashika ncha ya nguo yake na kusema alicho nacho huyu mume mpya ni kama pindo hili. Khalid bin Said alikuwa mlangoni akisubiri ruhusa, akamwita Abubakar kwa sauti, mbona hamkatazi huyu mwanamke kusema haya mbele ya Mtume? Mtume hakuzidi kutabasamu. Alimwelewa, akamfafanulia hukumu ya kurudi kwa mume wa kwanza. Ummu Sulaim aliuliza kuhusu mwanamke kuota ndoto na kupata janaba, akatanguliza kwamba Mungu haoni haya katika haki. Na Bi Aisha aliwasifu wanawake wa Kiansari kwa sababu haya haikuwazuia kuijua dini yao.

Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, anamwambia mume akishamaliza haja yake asimwinukie mke mpaka naye amalize yake, kwa kuwa mke huchelewa na kumwacha hapo ni kumuudhi. Fatima Mernissi wa Morocco alilishika jambo hilo mwaka 1975 akamweka Ghazali karibu na Freud. Daktari wa Vienna alimwona mwanamke kama mpokeaji aliyetulia, mwanachuoni wa karne ya 11 alimwona kama mtu mwenye hamu inayodai. Kwa hiyo anayesema raha ya mwanamke imetoka kwa Wazungu hajafungua vitabu vya babu zake.

Nyumbani Uganda tuna ssenga. Shangazi wa upande wa baba, katika desturi ya Buganda, ndiye anayemfunda msichana, na Waislamu wa Buganda hawakuiacha desturi hiyo waliposilimu. Siku hizi kuna ssenga wa kulipwa na ssenga wa redioni. Profesa Sylvia Tamale wa Makerere alimwandikia ssenga makala mwaka 2005, na alichosema nakikubali: ni njia ya kumtiisha mwanamke, na hapohapo ni mahali ambapo wanawake wanajipatia maarifa na nguvu. Alieleza pia jinsi Shirika la Afya Duniani lilivyoiweka desturi ya wasichana kuvuta mashavu ya siri katika kundi moja na ukeketaji, ilhali wanawake wengi wa Kiganda aliozungumza nao waliisimulia kama jambo la raha yao. Ukeketaji, uliopigwa marufuku Uganda kwa sheria ya 2010, hukata na kuondoa. Kuvitia vitu hivi katika kapu moja ni kutowasikiliza wenye miili.

Lakini sikilizeni darasa la ssenga kwa makini. Shanga za kiunoni, za mume. Namna ya kumpokea, ya mume. Maji ya moto na taulo, ya mume. Binti anatoka hapo anajua mambo mengi ya kufanya, na hajaambiwa hata mara moja afanye nini siku mwili wake umekataa.

Mwaka huohuo wa 2005 wanawake Waislamu waliandamana Kampala kuupinga Muswada wa Mahusiano ya Kifamilia. Muswada ule ulitaka kuweka mipaka kwenye ndoa ya mitala na kutambua kwamba mume anaweza kumbaka mkewe. Nje waliandika kana kwamba wanawake wale hawajui maslahi yao. Mimi nawajua wa aina yao, ni mama zangu. Waliona serikali inaingia kwenye ndoa yao bila kubisha hodi, na mke wa pili alijiuliza: sheria hii ikipita, mimi na wanangu tunakuwa nani? Lilikuwa swali la haki. Kinachonisikitisha ni kwamba kifungu cha kumlinda mke asilazimishwe kilizama pamoja na vile vya mitala, na sisi wenyewe hatujakirudia kukizungumza msikitini tangu hapo.

Karibuni. Tuchangie kwa hoja.

Hajati wa Arua

Wa alaykum salaam mwanangu. Umeandika kwa elimu, Mungu akuzidishie. Lakini nina neno. Mtume alimweka katika watu waovu kabisa siku ya Kiyama yule anayelala na mkewe kisha akaenda kuitangaza siri yake. Sasa hizi harakati zenu, tatizo langu si raha. Raha tunaijua, usidhani bibi zako walikuwa mawe. Tatizo ni kuianika. Wasichana wanasimama mbele ya kamera na kufunda watu elfu moja kwa mpigo, watoto wakiwemo. Sisi Wanubi tuna mambo yetu ya bibi harusi, moshi wake, manukato yake, na yanafanyika ndani, wanawake kwa wanawake. Kwani kuficha ni kukandamizwa?

Bint Bombo

Hajati shikamoo. Kuficha si kukandamizwa, na hapo niko nawe kabisa. Saba Mahmood, mtafiti aliyezaliwa Pakistan, alikaa na wanawake wa darsa za misikitini Cairo miaka ya 1990 na kitabu chake kikatoka 2005. Aliwaambia wanafeministi wenzake kwamba wamezoea kumwona mwanamke ana akili yake pale tu anapoasi, wakati wanawake wale walijifunza haya, wakaifanyia mazoezi mpaka ikawa tabia yao, na hiyo pia ni kazi ya mtu mwenye nia yake. Mtazamo chanya wa Kimagharibi unakosea hasa hapa: unadhani anayenyamaza amenyamazishwa.

Ila Hajati, hadithi uliyoitaja inakataza kutangaza siri ya mtu na mkewe. Haikatazi elimu, la sivyo Ummu Sulaim asingejibiwa. Na Uganda tuna ushahidi wetu. Ukimwi ulipotumaliza, Jumuiya ya Madaktari Waislamu wa Uganda iliwafundisha maimamu, na maimamu wakasimama misikitini na kupita nyumba kwa nyumba wakizungumza na waumini juu ya ngono. Mwanzoni kondomu hawakutaka kuitaja kabisa. Baada ya mazungumzo marefu wakaikubali kwa wanandoa, ili kulinda uhai. Hakuna aliyesema maimamu wale wamekosa haya. Kwa nini akisema mwanamke ndipo iwe aibu?

Mwanafunzi wa Sheria

Dada, nakuheshimu lakini unatembea katikati ya barabara. Mimi ni Mwislamu, nasali, sijaolewa, na ninasema ridhaa ya watu wazima inatosha. Unamtumia Rubin mpaka mlango wa nikah, ndoa ya Kiislamu, kisha unamwacha nje. Wavulana wa mtaani kwetu wanazini hadharani na mwezi wa Ramadhani wanakaa safu ya mbele. Msichana akionekana tu kwenye gari la mtu, ameisha. Hamuoni kwamba hilo duara la heshima analolisema Rubin ndilo linalowaua wasichana? Na msisahau 2014. Sheria ya kupinga picha za ngono ilipotiwa saini mwezi wa Februari, watu walianza kuwavua wanawake nguo barabarani wakisema mini imepigwa marufuku. Stara ikishapewa rungu, inampiga nani?

Bint Bombo

Dada yangu, la 2014 lilikuwa fedheha na nalisema bila kupepesa macho. Mahakama ya Katiba ilivifuta vifungu muhimu vya sheria ile Agosti 2021, na ilistahili. Angalia tofauti hii ambayo watu huipita. Pendekezo la sheria la MacKinnon na Dworkin juu ya picha za ngono, kule Minneapolis, Marekani, mwaka 1983 lilimpa mwanamke aliyeumizwa haki ya kushtaki mwenyewe na kudai fidia. Meya alilikataa, na la aina hiyohiyo la mji wa Indianapolis mahakama zikalifuta, na wapinzani wake walikuwa na sababu nzito. Lakini la kwetu halikumpa mwanamke kitu. Liliwapa polisi na vijana wa stendi macho ya kupima mapaja yake. Stara ya kulazimishwa na umati haina uhusiano na ile ambayo Hajati anaitetea.

Juu ya wavulana wa safu ya mbele, Qurani katika Sura Nur inawaamrisha wanaume kuinamisha macho kabla ya kuwaamrisha wanawake, na adhabu ya zinaa humo ni ileile kwa wawili wote. Anayemwadhibu binti na kumsamehe kijana anafuata mtaa wake. Katika hilo mimi na wewe ni kitu kimoja.

Tunaachana kwenye nikah. Kwangu ridhaa ni lazima, na haitoshi. Naamini tendo hili lina ahadi mbele ya Mungu na mashahidi, na kwamba mtoto na mali na jina vinalifuata. Sisemi hivyo kwa kuogopa watu. Naamini. Na wewe una haki ya kunihoji bila kuitwa kafiri humu, kwa hiyo walioanza kukutusi kwenye sanduku lako la ujumbe waache.

Abu Swafiya

Naomba kuuliza kwa heshima. Hadithi ya malaika kumlaani mke anayekataa mpaka asubuhi iko Bukhari na Muslim. Sasa hiyo "leo hapana" mnaiweka wapi? Mkituambia mke akatae anavyotaka, mume aende wapi? Mtalalamika akitafuta nje.

Bint Bombo

Kaka Abu Swafiya, ahsante kwa kuuliza waziwazi, kwa kuwa hapa ndipo uzi ulipotaka kufika.

Hadithi ipo, siikwepi. Wanachuoni waliisoma pamoja na udhuru: ugonjwa, hedhi, funga ya faradhi, madhara. Na ndani yake hakuna neno linalompa mume ruhusa ya kutumia nguvu. Malaika wanatajwa, mkono wa mume hautajwi. Anayeichukua hadithi ya lawama akaifanya hati ya kushika mtu kwa nguvu ameongeza kitu chake mwenyewe.

Lakini nisiwadanganye kwamba fiqhi ya zamani, yaani elimu ya sheria za dini, inalimaliza jambo. Kecia Ali, Mwislamu wa Marekani, alionyesha mwaka 2006 kwamba mafakihi waliijenga ndoa kama mkataba wenye pande mbili: mume anatoa mahari na matumizi, mke anatoa nafsi yake kwake peke yake. Katika mpangilio ule, haki ya mume kitandani imeandikwa kwa wino mzito na ya mke kwa penseli. Sisi Waislamu wa Uganda wengi ni Mashafi'i. Katika madhehebu yetu kauli mashuhuri ni kwamba tendo ni haki ya mume, kwa hiyo akiliacha hadaiwi sana, ingawa anahimizwa. Mahanbali walisema ni wajibu juu yake, na wakaweka miezi minne kuwa kikomo, kwa kulinganisha na aya ya kiapo cha kujitenga katika Sura Baqara. Ibn Taymiyya akasema ni kwa kadiri ya haja ya mke na uwezo wa mume. Ghazali mwenyewe alikuwa Mshafi'i, na bado alisema mume aongeze au apunguze kulingana na haja ya mke, kwani kumhifadhi ni wajibu wake. Mnaona? Wakubwa hawakukubaliana. Mlango haujafungwa, na wanawake wenye elimu wana haki ya kuingia.

Wameshaanza kuingia. Amina Wadud alikuwa akiisoma Qurani kwa jicho hili tangu mwaka 1992. Harakati ya Musawah iliyozinduliwa Kuala Lumpur mwaka 2009 inakusanya wasomi na wanawake wa kawaida wa nchi za Waislamu wadai usawa ndani ya familia kwa hoja za dini yenyewe. Wapo pia kina Mona Eltahawy wa Misri wanaodai waziwazi uhuru wa mwili, hata nje ya ndoa, na wengi humu hatutamfuata huko. Ndiyo maana nasema hakuna msimamo mmoja wa mwanamke Mwislamu. Tuna Hajati, tuna Mwanafunzi, tuna mimi.

Umeuliza mume aende wapi. Nami nakuuliza, mke aliyelazimishwa usiku akaamka kupika uji asubuhi, yeye aende wapi? Sheria ya Ukatili wa Majumbani ya 2010 inautambua unyanyasaji wa kingono ndani ya nyumba, mke na mume wakiwemo, na wengi wetu hatujui kwamba ipo. Qurani inaiita ndoa utulivu, mapenzi na huruma. Nionyeshe utulivu uko wapi kwa anayelia kimyakimya upande wa ukutani.

Hajati wa Arua

Hili la kulazimishwa, mwanangu, nakuunga mkono. Nimesuluhisha ndoa nyingi. Wanaokuja kwangu hawaji kusema mume haniridhishi, ingawa wapo. Wanakuja kusema ninachoka, ninaumwa, nimejifungua juzi, na hanisikii. Na shehe anawaambia wakasubiri. Hapo hata mimi ninakasirika.

Mwanafunzi wa Sheria

Hajati, basi tukubaliane tuanzie hapo. Mimi sitabadilisha msimamo wangu, lakini hili tunaweza kulidai pamoja hata kesho.

Mgeni wa Jinja

Asalaam alaykum. Mimi natarajia nikah karibuni, inshallah. Nimesoma nikaogopa kidogo. Nifanye nini kabla ya siku yenyewe?

Bint Bombo

Wa alaykum salaam mdogo wangu, hongera, na usiogope.

Mtume alisema sharti zinazostahili zaidi kutimizwa ni zile mlizohalalishiana kwazo miili. Mafakihi walitofautiana sharti zipi zinashika, Mahanbali wakiwa wapana na Mashafi'i wabana, kwa hiyo nenda kwa shehe anayezijua tofauti hizo na mwandike kinachowezekana: masomo yako, mahali pa kuishi, na kwamba hakuna kugusana kwa nguvu. Hilo la mwisho hata kama shehe atasema halihitaji kuandikwa, liandikwe. Mchumba akisita kulitia saini umeshajua jambo ambalo ungelijua ukiwa umechelewa.

Nendeni wote wawili mkapime damu, pamoja, na majibu mpokee pamoja. Ssenga wako muulize kuhusu mwili wako, si wa mume tu: uchungu wa kawaida ukoje, usio wa kawaida ukoje, na uzazi wa mpango unapatikana wapi. Asipojua, kliniki ya akina mama ya serikali ina wakunga wanaojibu bila kukushangaa. Jua pia khului ipo, yaani mke kuomba kuachwa kwa kurudisha mahari. Mke wa Thabit bin Qais alisema hana lawama juu ya dini wala tabia ya mumewe, ila hawezi kukaa naye, akaambiwa arudishe bustani aliyopewa mahari, akaachwa. Hakulazimishwa kueleza zaidi ya hapo.

Na zungumza na mchumba wako juu ya haya mapema, mbele ya walii au shangazi mnayemwamini, ili asubuhi ya kuoa kusiwe na kurasa mpya za kusomwa huku wageni wanasubiri pilau.